Stroberi za Shangazi

Kila jioni, akishaosha vyombo, Kidoti alitakiwa kwenda uani kumwagilia stroberi za shangazi yake. Zilikuwa zimepandwa kwenye makopo ya rangi yaliyotobolewa chini. Shangazi, fundi cherehani, alikuwa amevunjika mguu na hakuweza kutoka kitandani bila kushikwa mkono.

"Kopo hukauka upesi kuliko shamba, mwanangu," alimweleza. "Chomeka kidole. Udongo ukiwa mkavu, mwagilia mpaka maji yachuruzike chini."

Mwanzoni Kidoti alifanya hivyo. Kisha wenzake wakapata kamba mpya ya kuruka, naye akawa anatoka mbio moja kwa moja hadi barabarani.

"Umemwagilia?" Shangazi aliuliza kutoka chumbani.

"Ndiyo, shangazi."

"Ubarikiwe. Sijui ningefanyaje bila wewe."

Maneno hayo yalimchoma. Hata hivyo kesho yake alidanganya tena, na siku zilizofuata pia, na jua lilikuwa kali.

Siku Shangazi alipoomba achumiwe chache, Kidoti alikwenda kwa miguu mizito. Majani yalikuwa yamelala, matunda yamesinyaa. Akamimina maji harakaharaka, lakini yalipita pembeni mwa udongo mgumu yakatokea chini.

"Zimenyauka, shangazi," alisema aliporudi.

"Na ulivyohangaika nazo! Basi miche ilikuwa mibovu. Yule mama wa bustani aliyeniuzia amenipunja. Akija nitamwambia."

Mama wa bustani ndiye aliyemkimbiza Shangazi hospitali siku alipoanguka.

"Si miche," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Sikumwagilia. Nilikudanganya ili niwahi kucheza."

Shangazi hakufoka, na hilo lilimuumiza Kidoti zaidi.

"Nishike mkono, twende uani."

Akiwa ameketi kwenye kiti, Shangazi alimwelekeza kutumbukiza kila kopo kwenye beseni la maji mpaka mapovu yaishe, kukata majani makavu, kufunika udongo kwa nyasi na kuyasogeza makopo kivulini.

Tangu hapo Kidoti hakukumbushwa tena. Miche mingine ilikufa. Iliyobaki ilichipua, ikatoa maua meupe, hatimaye matunda.

"Mmea ukikosa maji, majani hulala ukaona," Shangazi alimwambia wakichuma. "Mimi ulinidanganya nikawa nakushukuru, na nusura nimgombeze mtu asiye na kosa. Ukikosea, sema mapema, mwanangu, kabla mwingine hajalibeba kosa lako."