Taa ya Buti

Jumamosi hiyo kituo cha mafuta kilikuwa kimefurika, na gari lililokataa kuwaka lilikuwa limesimama palepale kwenye pampu, mbele ya foleni nzima. Ndani yake alikaa mshonaji wa magauni ya harusi. Gauni jeupe lilikuwa limelazwa kiti cha nyuma, na bibi harusi alikuwa akipiga simu kila baada ya dakika mbili. Mshonaji alivaa blauzi ya manjano, utepe wa kupimia bado ukining'inia shingoni, na jasho lilikuwa limeshaiharibu poda yote. Honi za nyuma hazikumhurumia hata kidogo.

"Dada, zungusha ufunguo tena nisikie," sauti ilisema dirishani.

Alikuwa kijana mrefu mwenye bwelasuti ya buluu iliyofuliwa mpaka ikachoka, tochi kaifunga kichwani mchana kweupe. Alikuwa fundi umeme wa magari, na mtaa mzima walimwita Tochi.

Mshonaji akazungusha. Tik, tik, tik.

"Washa taa. Hizo, zimefifia. Piga honi."

Honi ikakoroma.

"Stata yako haina kosa. Betri ndiyo haina nguvu ya kuizungusha." Akamgeukia dereva aliyekuwa akifoka kuliko wote. "Kaka, badala ya kupiga kelele, sogeza gari lako tuazime umeme."

Nyaya zikaunganishwa, na injini ikawaka. Tochi akapima betri, akatikisa kichwa. "Inachaji vizuri. Basi kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limezimwa. Nipe namba nikitafute."

"Namba ya gari?"

"Ya gari naiona."

Mshonaji alicheka, akampa. Harusi ilifungwa kwa kuchelewa nusu saa, na hakuna aliyekufa.

Tochi alifika asubuhi ya kwanza, gari limezima tena, akaliwasha na kunywa chai. Akafika ya pili, chai ikaja na maandazi. Mara ya tatu aliweka simu yake ndani ya buti la nyuma ya gari, ikirekodi video, akalifunga, akahesabu hadi ishirini, akafungua. Kwenye video kulikuwa na mwanga mtupu. Swichi ya taa ya buti ilikuwa imevunjika, taa inawaka usiku kucha ndani ya giza lililofungwa. Kazi ya kuchomoa glopu ilikuwa ya sekunde tano.

Hakuichomoa.

"Umekipata?" mshonaji aliuliza kutoka mlangoni, kanga begani, kikombe mkononi.

Tochi alimwangalia. Akili yake ilipiga hesabu ya kipumbavu: gari likipona, atakuja hapa kwa sababu gani?

"Bado, dada. Ugonjwa huu ni wa siri."

Mimi simtetei. Mtu mzima anayeweza kusema "nakupenda" hana sababu ya kuituma betri imsemee. Lakini Tochi aliogopa, na woga wake ulivaa nguo za mapenzi, ukapendeza.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Kila baada ya siku mbili tatu simu ililia alfajiri.

"Fundi, limegoma."

"Limenikumbuka tu. Nakuja, mpenzi."

"Wewe fundi gani? Mimi nikishona gauni likifumuka kila siku mbili, si nitapigwa?"

"Mimi nipige tu. Ila usiniache."

Hata mama yake mshonaji, aliyekuwa mgonjwa nyumbani kwa kaka mtu, mwendo wa saa tatu kwa barabara, alishamzoea Tochi kwa simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Gari la binti yangu limepona?"

"Linaendelea vizuri, mama."

"Wewe mtunze. Mimi namtegemea huyo."

Kisha ikaja asubuhi ya Jumanne. Saa kumi na mbili kamili kaka alipiga. "Dada, njoo sasa hivi. Mama anakuulizia."

Mshonaji alitoka na gauni la nyumbani na viatu vya kubadilisha mkononi. Akazungusha ufunguo. Safari hii hata tik haikusikika.

Tochi alifika kwa pikipiki baada ya dakika kumi na tano. Akaunganisha nyaya na gari la jirani. Kimya. Betri iliyonyonywa mpaka mwisho mara kwa mara huchoka moja kwa moja, na hii ilikuwa imechoka. Yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale.

"Kuna basi la saa kumi na mbili na nusu," mshonaji alisema. "Nipeleke stendi na pikipiki. Nitaliwahi."

"Subiri, mpenzi. Nusu saa tu nipate betri nyingine. Tutalipita basi hilo njiani."

Aibu ya siri yake ndiyo iliyosema. Alitaka yeye awe mtu wa kumfikisha. Duka la kwanza lilikuwa limefungwa, la pili pia, na la tatu likafunguliwa saa mbili. Waliondoka saa mbili na robo, Tochi kwenye usukani, mshonaji akihesabu vibao vya kilomita kwa sauti ya chini. Saa nne na dakika kumi kaka alipiga tena. Mshonaji aliiweka simu mapajani, akalia kilio ambacho Tochi hakuwahi kukisikia kwa binadamu. Basi lilikuwa limeshafika tangu saa tatu na nusu.

Tochi alikaa msibani siku mbili, akabeba viti na maji kama mtoto wa nyumba, akarudi mjini kazini. Siku ya nne mshonaji alitaka kwenda sokoni, gari likagoma, pamoja na betri mpya. Kaka aliita fundi mzee wa jirani. Mzee aliinama, akafungua buti, akaigusa taa na kuurudisha mkono haraka.

"Ya moto. Buti lilikuwa limefungwa, taa inawaka. Hii ndiyo inakumalizia umeme, binti yangu." Akaichomoa. "Fundi wako wa mjini hakuiona?"

Mshonaji alikwenda nyuma ya nyumba, akapiga simu.

"Ni taa ya buti," alisema.

Upande wa pili kulikuwa na mlio wa nyundo, kisha nyundo ikaacha.

"Tochi. Ulijua?"

Angeweza kusema hapana. Angeaminiwa.

"Nilijua," alisema. "Tangu siku ya tatu."

Simu ilikatwa, na simu zake hazikupokelewa tena, wala ujumbe haukujibiwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba kifo chenyewe chaweza kuwa cha mama wa mwingine.

Baada ya miezi miwili Tochi alibisha mlango wa chumba cha kushonea. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mshonaji alikuwa amekonda, gauni jeusi likimpwaya, na alikuwa akitia shanga kwenye shela la mtu mwingine.

"Nilikuwa nataka kila asubuhi uniite," Tochi alisema akiwa bado amesimama. "Hilo tu. Niliogopa kwamba gari likipona hutanihitaji."

"Ungeniambia njoo tunywe chai, ningekuja. Kwa miguu ningekuja. Nilikupenda tangu pale kwenye pampu, Tochi."

"Na sasa?"

"Na sasa pia. Hilo ndilo linaloniua."

"Basi nikuoe, tuyabebe pamoja. Nisamehe."

"Nimekusamehe, siku nyingi. Lakini nikikuona naanza kuhesabu. Kumi na mbili na nusu. Tatu na nusu. Nne na dakika kumi. Siwezi kuamka kila siku kando ya saa hizo."

Tochi aliinamisha kichwa. Aligeuka aondoke, mkono ukiwa kitasani, ndipo mshonaji aliposema tena, bila ukali wowote.

"Asubuhi ile kaka alimwambia mama kwamba gari limekataa kuwaka. Unajua mama alijibu nini? Alisema, 'Basi mwacheni asihangaike. Yuko na mkwe wangu, atamfikisha.' Akalala kutusubiri."

Tochi aliteleza chini kando ya mlango, akakaa sakafuni na shati lake jeupe, akalia. Mshonaji aliweka sindano mezani, akaja kukaa kando yake. Walilia pamoja mpaka wakanyamaza, kisha mshonaji akanyanyuka, akamfungulia mlango aende.