Swali la Mpangaji

Flavia alimkuta baba yake amelala sakafuni Jumapili, tarehe 9 Mei 1954, saa nne asubuhi. Hakuwa amemwona misani, ndiyo maana akapita nyumbani kwake Gongoni kumjulia hali. Mwalimu Dionis alikuwa amekwisha kupoa. Kisogo kilikuwa kimepasuka kwenye pembe ya sanduku la chuma alimotunza vitabu vyake.

Sajini Limbu wa polisi ya Tabora alifika baada ya nusu saa. Mlango haukuvunjwa. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai, kimoja hakikuguswa. Kola ya shati la marehemu ilikuwa imechanika, kwa hiyo hakuanguka tu, alikamatwa kwanza. Mfukoni mwa marehemu Limbu alikuta karatasi iliyokunjwa. Aliisoma, akaitia mfukoni mwake, asimwambie mtu.

Flavia alieleza kuwa kila Jumamosi saa kumi jioni baba yake alikutana na rafiki zake wawili, Thuwaini mwenye duka na Sylvester, karani wa reli. Walipenda historia, na kwa mwaka mzima walikuwa wakiulizana juu ya watu waliokula njama ya kumwua Lincoln, rais wa Marekani, mwaka 1865. Nani alitumwa kumwua makamu wa rais akaishia kulewa? Daktari gani alimfunga muuaji mguu uliovunjika? Mwenye zamu aliandika swali lake, na hakulitaja mpaka wakae.

Nyuma ya mlango palikuwa na bakora ya Thuwaini. Majirani nao walisema Jumamosi iliyotangulia waliwasikia yeye na Mwalimu wakigombana. Limbu akamkamata. Thuwaini hakukana ugomvi. Walibishana juu ya Mary Surratt, mama aliyenyongwa kwa kuwa wauaji walikutana nyumbani kwake: yeye alisema alistahili, Mwalimu akasema hakustahili. Akaondoka kwa hasira, akasahau bakora, akaona haya kuirudia.

“Na jana ulikwenda?”

“Sikwenda. Mama yangu mgonjwa, sikutoka kwake mchana kutwa. Mwulize mganga wa zahanati, tulikuwa naye mpaka magharibi.”

“Mwalimu angeuliza nini?”

“Sijui, Bwana Sajini. Zamu ilikuwa yake.” Kisha Thuwaini akalia, mtu mzima, mbele ya askari.

Mganga alithibitisha maneno yake. Jumatatu saa tisa alasiri Limbu akaenda kwa Sylvester. Huyu alisema alishikwa na homa tangu Ijumaa, hakutoka nje, na hakumwona Mwalimu wiki nzima. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisimulia jinsi Mwalimu alivyomlea tangu alipokuwa kijana huko Lusu, akamfundisha Kiingereza, akamtafutia kazi ya reli. Limbu alimwacha aseme, kisha akauliza kama kikao chao kitaendelea.

“Kimekwisha. Hata lile swali la mpangaji halitajibiwa tena.”

Limbu akatoa ile karatasi, akaisoma polepole: Ni mpangaji gani aliyetoa ushahidi uliomfikisha mama mwenye nyumba kitanzini?

“Aliiandika Jumamosi, tarehe iko juu. Ilikuwa mfukoni mwake. Wewe umeisikia wapi?”

Sylvester aliitazama karatasi ile, akaketi.

“Nilimjibu kwamba ni Weichmann,” alisema. “Akaniambia, ‘Na mimi ndiye Weichmann wa kaka yako.’”

Mwaka 1939 kaka yake Sylvester, Tobias, alinyongwa kwa kumwua mchuuzi kwenye njia ya Lusu. Mwalimu Dionis ndiye aliyeapa kuwa alimwona na panga. Jumamosi ile alikiri kuwa hakuona kitu; watu walikuwa wamemwambia kuwa ni Tobias, naye akaogopa kuonekana anamficha mhalifu. Aliahidi kwenda kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, Jumatatu kuyasema yote.

“Tangu anyongwe sikulitaja jina la Tobias,” Sylvester alisema. “Nilimwonea haya. Mama akimtaja, nilikuwa natoka nje. Nilimshika Mwalimu nikamsukuma. Sikutaka afe. Sasa nani atamsemea kaka yangu?”

Limbu alimfunga pingu kwa mbele, si kwa nyuma.

Jumatano alipanda lori hadi Lusu. Eustadia, mama yao Tobias na Sylvester, alikuwa akipepeta mtama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

Limbu alimwambia kuwa ameleta habari mbili, akaanza na ya Tobias: hakuua, shahidi alikiri kabla ya kufa. Mama aliuweka ungo chini. Limbu alipofungua kinywa aendelee, alimzuia kwa mkono.

“Hiyo nyingine ingoje. Watu wa hapa waisikie hii kwanza.”

Akaenda nyumba kwa nyumba, akiita majirani kwa majina. Limbu akabaki kwenye kigoda, kofia mapajani, akiwatazama wanakuja.