Kuanguka kwa Kibuyu

Kibuyu aliporudi nyumbani kutoka kazini, viatu vyake havikulia sakafuni. Mkewe akamtania kwamba vichekesho vya filamu zisizo na sauti ni vya kazini, hapa ni nyumbani, aseme walau neno. Kibuyu akatabasamu tu. Alinuka chokaa mbichi, na kila alipooga harufu ilizidi. Siku zikapita, hakufungua kinywa.

Mrefu, mwigizaji mwenzake, ndiye aliyetoboa siri. Walipokuwa wakipiga picha, Kibuyu alidondoka kutoka kwenye ngazi, ndoo ya chokaa ikamfunika, akalala kimya muda mrefu.

"Tulicheka, shemeji," alinong'ona. "Kazi yake si ni kuanguka? Tungejuaje?"

Akampeleka mke wa Kibuyu kuiona filamu yenyewe.  Baada ya lile anguko, mumewe aliinuka, akaja mbele kabisa, akawa anakigonga kwa ndani kitambaa cheupe cha kuonyeshea filamu, midomo ikisema: mke wangu, nitoe.

Mganga waliyemwendea aliwaambia kwamba aliyeko nyumbani ni jini, na chakula chake ni kicheko. Aonyeshwe filamu hiyo hadi mwisho bila mtu kucheka, naye atatoka, Kibuyu arudi. Akicheka hata mmoja, basi tena.

Mchana walimketisha jini kitini, wakafunga madirisha ya sebule, Mrefu akawasha projekta. Mama mkwe, mzazi wa Kibuyu, aliuma upindo wa mtandio, Mrefu akajifinya mapaja, na mke akaomba Mungu kimoyomoyo, maana yule kitambaani alikuwa akilia na kusihi huku mguu umenasa ndooni, akijikwaa, akiinuka, akigongwa kisogo na ngazi, na kadiri alivyozidi kulia ndivyo alivyozidi kuvunja mbavu, na yule jini kitini akaanza kutokwa jasho jeupe, akisinyaa, hata mgongo wa kiti ukaonekana kupitia kifua chake.

"Vumilieni," mama mkwe alinong'ona. "Mwanangu anakuja."

Kibuyu naye, kule kitambaani, alikuwa ameelewa. Akasimama wima, akajifuta uso, akakunja mikono ili asichekeshe. Hata siku ya harusi hakuwa na uso wa heshima namna ile. Filamu ilikuwa imebaki kidogo tu.

Suruali ikamporomoka.

Aliyecheka ni mkewe. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yakimtiririka, lakini kicheko kilikwisha kutoka. Kitambaa kikabaki cheupe kitupu.

Kitini, jini alijinyoosha, akamwekea mkono begani, akasema kwa sauti ya Kibuyu:

"Pole, mke wangu. Hata mimi nilikuwa najizuia."