Majina Aliyoyafuta Félicien

Ting, ting. Kijiko kiligonga kikombe gizani, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba. Florentine alikisikia akiwa kitandani, akatabasamu. Alikuwa Félicien, mume wake, akikoroga chai kabla jua halijatoka ili awahi kufungua kompyuta umeme ungali upo. Binti yao Grâce alilala fofofo, mguu mmoja juu ya tumbo la mama yake. Hapo mtaani Mangobo, jamani, nyumba yenye amani kuliko ile ungeitafuta sana.

Félicien alikuwa mtunga programu. Mchana alikaa mbele ya kompyuta, jioni alipiga gitaa kwenye kwaya. Kazi iliyompa sifa ni programu ya kituo kimoja cha afya: iliwatumia akina mama ujumbe kwenye simu kuwakumbusha siku ya chanjo. Wengi wao walitoka Lubunga, ng'ambo ya mto, na mtu hapandi pirogi, mtumbwi wa kuvukia, na mtoto mgongoni kwa kubahatisha.

Lakini sikilizeni. Programu ile hakuitunga yeye. Aliichukua kwa watu wa mbali wanaotoa kazi yao bure, kwa leseni yenye masharti mepesi: itumie, igeuze upendavyo, ila acha majina ya waliotunga, na yule utakayempa naye awe na uhuru kama wako. Félicien aligeuza sehemu ndogo tu. Siku ya kuipeleka, muuguzi Marthe alimwuliza mbele ya watu, akimwita kwa jina la bintiye, "Papa Grâce, yote hii umetunga wewe mwenyewe?" Félicien akacheka tu. Watu wakakipokea kicheko kile kuwa ni ndiyo. Kesho yake akafuta majina ya wenzake, akaandika lake.

Ikafika wiki ya chanjo ya surua. Jumatatu programu ikagoma. Chanjo ilikuwa Jumamosi, na hakuna ujumbe hata mmoja uliotoka. Akina mama walikuwa mamia; kuwapigia mmoja mmoja, wiki ingeisha.

"Papa Grâce, tunafanya nini?" Marthe alikuja kuuliza. "Wamama wa Lubunga hawajui siku."

"Kesho itakuwa sawa."

Kesho ikaja, ikapita. Angewaulizaje wenye programu, naye ameshawafuta? Uongo wake ulikuwa umemfungia mlango wa msaada. Chakula kilipoa mezani. Grâce akimsogelea, alifukuzwa kama kuku aliyeingia jikoni. Hata kwaya aliiacha, mpaka Jephté, mwenzake wa kuimba, akaja kumtafuta.

"Jana tuliimba bila gitaa," Jephté alisema mlangoni. "Hata mbuzi wa pasta alisimama akaenda zake."

Félicien aliendelea kuikodolea kompyuta macho.

Alhamisi mtoto alimletea baba yake mchoro. Alikemewa hadi akajificha nyuma ya pipa la maji. Hapo Florentine, aliyekuwa akisoma shule ya jioni ya watu wazima, alivuta kiti, akaketi karibu na mumewe.

"Félicien, hii programu ilitoka wapi?"

"Nilishakuambia. Ni yangu."

"Bon. Kama ni yako, mbona unaiogopa?"

Félicien alifunga kompyuta. Kisha akaeleza yote, macho yakiwa chini. "Sasa niwaandikie nini? Mimi ni mwizi. Na Marthe akijua, nani atanipa kazi tena? Watoto wakikosa chanjo je?"

"Ile leseni ulisoma?"

"Nani anasomaka leseni, Florentine?"

"Sisi wa masomo ya jioni tunasomaka kila kitu. Fungua."

Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, Kifaransa cha sheria kikimkwaza hapa na pale. Karibu na mwisho kidole kikasimama. "Angalia. Mutu akivunja masharti, anapoteza haki. Lakini akitengeneza kosa lake, haki inamurudilia. Donc, basi, wamekuachia njia. Pita."

Jioni ile ile Félicien alirudisha majina yote, akawaandikia wenye programu bila kuficha kitu. Ijumaa asubuhi mama mmoja kati yao, asiyemjua, alijibu: hitilafu ile ya programu walikuwa wameirekebisha zamani, na kipande kipya cha programu hiki hapa. "Ungeuliza siku ya kwanza," aliongeza, "ungelala." Félicien akakiweka, na kabla ya adhuhuri ujumbe ulikuwa umevuka mto.

Likabaki jambo gumu zaidi, kumwambia Marthe. Walienda kituoni wote wawili, yeye na Florentine. Marthe alisikiliza, uso umekunjamana.

"Mimi sikuuliza nipate kukusifu, papa. Niliuliza nijue, siku wewe ukiwa mugonjwa, nitaita nani. Kazi utaendelea nayo. Lakini andika yale majina hapa ukutani, niyaone."

Jumamosi pirogi zilivuka zimejaa watoto.

FUNZO

Wapendwa, kupewa si aibu. Anayefuta jina la aliyempa anajinyima mkono ambao kesho atauhitaji, na nyumba yake ndiyo inayolala na njaa ya furaha. Na kama umeshafuta, usikae na hofu yako peke yako: rudisha, omba, utashangaa nani anakusubiri.

Wala msidhani hili ni la watu wa kompyuta tu. Jumapili Marthe alialikwa kula kwa Félicien na Florentine. Alimega lituma, zile ndizi za kupondwa, akafumba macho. "Mama Grâce, mkono wako ni mtamu." Florentine, aliyekuwa ameshinda na vitabu vyake, aliinamisha kichwa, akatabasamu, akaanza kugawa samaki.

Grâce akasema, "Lituma alipika mama Kadidja wa jirani."