Mkia wa Msafara

Zaituni alikuwa akikaanga mandazi uani alipolisikia gari la mumewe likikohoa barabarani. Kikohozi kile alikijua. Hakuinua kichwa. Alifanya kama wake wote wa madereva pale Gitega, Burundi, miaka ile ya vita: alisikiliza kama injini itazimwa, na kama mlango utafunguliwa. Mlango ulifunguliwa. Hapo ndipo alipogeuza mandazi. Yalikuwa yameshaungua upande mmoja.

"Mama Layla," Mahmudu aliita, "njoo uone."

Alimpeleka nyuma ya pikapu. Bodi ya nyuma ilikuwa na tundu. Risasi ilikuwa imeingia kwenye gunia la maharage ikabaki humo humo. Maharage yalikuwa yakidondoka chini, moja moja.

"Leo nilikuwa wa mwisho tena," alisema Mahmudu.

Zaituni alikinga maharage kwa kanga yake.  

Mwaka ule wa 1999 hakuna aliyekwenda Muyinga peke yake. Magari yalikusanyika asubuhi pakingi. Wasindikizaji wenye bunduki walitangulia na gari lao. Mkiani hawakukaa. Mkiani alikaa mwananchi. Msafara ukiondoka, kila dereva alikanyaga mafuta kwa nguvu zake. Mwenye gari zima alipanda mlima wa Karuzi akapotea. Mwenye gari bovu alibaki nyuma, na watu waliojificha migombani walimngoja yeye. Gari la mwisho ndilo lililoliwa. Wakubwa walilijua jambo hilo. Wao barabara ile hawakuipita.

Baada ya kula, Mahmudu alisema lililokuwa moyoni.

"Magari yameanza kuingia tena mpakani Kobero. Vikwazo vya biashara vimeondolewa. Nimeona pikapu moja ya mazutu, injini ya dizeli, bado inanukia upya. Iko na turbo. Mlima inaupanda kama mbuzi."

"Utainunua na nini?"

Mahmudu alitazama mikono yake. "Naitoa hii yetu. Na kile kiwanja cha Muyinga."

Kiwanja kile Zaituni aliachiwa na marehemu baba yake. Kilikuwa na nyumba ya vyumba viwili, katika mtaa wa Waswahili wa Muyinga. Mama yake, bibi Amisa, ndiye aliyekaa mle.

"Na mama atalala wapi? Kwenye turbo?"

"Atakuja kukaa hapa kwetu."

"Na Gitega ikiungua, Baba Layla, sisi sote tutakimbilia wapi?"

"Usiku mzima siwezi kubishana na wewe," alisema Mahmudu, ingawa jua lilikuwa bado juu. Alikuwa amechoka hata asijue saa. "Mimi siwezi tena kuwa wa mwisho. Chagua mwenyewe. Kiwanja, au mimi."

Zaituni aliosha vyombo polepole. Mke gani anaulizwa hivyo? Lakini hakukasirikia mumewe. Aliikasirikia barabara, na walioifanya iwe vile.

"Kabla ya kwenda Kobero," alisema, "twende kwanza kwa Mama Béatrice."

Mama Béatrice alikuwa Mkongo wa Bukavu. Alikimbia vita vya kwao akaja kuangukia vita vya watu wengine. Pale soko la Gitega aliuza vipuri vya magari. Hakuwa fundi. Lakini kila kilichovunjika katika njia ya Muyinga kililetwa kwake mkononi, mtu akiuliza, "Iko kama hiki?" Kwa hiyo alijua kinachovunjika, na kwa nini.

"Karibuni, wapenzi," alisema alipowaona. "Mbona sura hizo? Nani amekufa?"

"Bado," alijibu Zaituni.

Mahmudu alieleza habari za pikapu ya Kobero. Mama Béatrice alisikiliza huku akifuta filta kwa tambara.

"Hiyo motari iko na pampu ya umeme?"

"Ndiyo. Mwuzaji anasema injini inajipimia mafuta yenyewe."

"Eh! Na siku inaumwa, nani ataipima? Mi sina kipuri cha hiyo gari. Muyinga hakuna. Wataagiza Dar, na we utakaa kando ya barabara na mapambo yako kama bibi-harusi. Mazutu unanunua wapi?"

"Kwa wale wa bidoni, wanaouza kwa madumu njia ya Kobero."

"Lete kidogo."

Mahmudu alileta. Mama Béatrice aliyamimina katika chupa nyeupe inayoonyesha ndani. Akaiweka juu ya rafu.

"Hiyo chupa musiiguse. Mukaswali, mukakule, murudi kesho."

Waliporudi kesho yake, chupa ilikuwa imegawanyika. Juu kulikuwa na mazutu. Chini yake kulikuwa na maji. Chini kabisa kulikuwa na tope jeusi, kama masizi ya sufuria.

Mahmudu aliinama akatazama. "Wananiibia?"

"Wengine wanaongeza maji, ndiyo. Wengine bidoni zao zinanyeshewa tu. Mwizi ama mvua, mlima hauulizi. Mazutu ni mepesi, yanaelea. Maji ni mazito, yanashuka, na tangi linavuta kutoka chini. Motari yako inakunywa hayo maji kila siku, baba. Ndiyo sababu inakohoa. Ndiyo sababu unabaki nyuma."

"Si uzee?"

"Uzee iko. Lakini hata mzee, ukimunywesha tope atapanda mlima? Hii yako inakohoa na inaendelea, kwa sababu ni motari ya zamani, yenye roho ngumu. Ile mpya, maji yakiingia kwenye pampu yake, inazima. Pale pale. Na ni kwenye mlima itazima, si mbele ya mlango wako."

Zaituni aliuliza, "Basi tufanye nini?"

"Mununue pipa safi lenye mfuniko. Mazutu yakae humo siku mbili, bila kutikiswa. Muchote ya juu tu, muchuje kwa kitambaa kizito. Ya chini musitie kwenye gari hata mukikosa mengine. Asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua hii skrubu ya chini ya filta. Maji yatoke mpaka uone mazutu matupu. Filta hii mpya nakupa leo. Na magunia upunguze. We unapakia kama unahama dunia."

Mahmudu alicheka kidogo, kwa pua.

"Na kitu kingine," alisema Mama Béatrice. Sauti yake ilishuka. "Pikapu mpya inapendwa na kila mwenye bunduki. Wa huku na wa kule. Kaka yangu Joël alikuwa nayo kule kwetu. Walikuja wakaomba lifti. Mpaka leo wako kwenye lifti."

"Na Joël?"

"Si ndiye alikuwa anaendesha?"

Walirudi nyumbani na filta. Habari ya Kobero haikutajwa tena.

Walifanya kila walichoambiwa. Zaituni alisimamia pipa kama anavyosimamia maziwa ya mtoto. Alishona kitambaa mara mbili kwa ajili ya kuchujia. Kila asubuhi ya safari Mahmudu alilala chini ya gari akifungua skrubu, na maji yalitoka, wakati mwingine kikombe kizima. Baada ya muda moshi mweusi ulipungua. Gari likaacha kukohoa. Magunia yakapungua, faida ikapungua, lakini mlima wa Karuzi ukapandika. Mahmudu alianza kurudi akiwa katikati ya msafara. Bibi Amisa alibaki nyumbani kwake Muyinga, na kiwanja hakikuuzwa.

Wengi wangependa hadithi iishie hapa. Haikuishia hapa.

Jirani yao aliitwa Chabani. Ukuta wao ulikuwa mmoja. Pikapu yake ilikuwa kuukuu kama ya Mahmudu, na mazutu alinunua kwenye bidoni zile zile. Alhamisi moja Mahmudu alirudi, akazima gari, akafungua mlango. Upande wa pili wa ukuta palikuwa kimya.

Salama, mke wa Chabani, alikuja akiwa na unga mikononi.

"Shemeji Mahmudu, mume wangu mliachana wapi?"

"Alikuwa nyuma yangu."

"Na nyuma yake nani?"

Mahmudu alitazama chini. "Nyuma yake hakuna mtu."

Walimzika Chabani kesho yake, kabla ya sala ya Ijumaa. Salama akaingia eda.

Wiki nzima Zaituni hakuweza kula. Habari ya maji katika mazutu hakuwa amemwambia mtu. Hakuficha. Hakufikiri tu. Vita hufanya hivyo: kila mtu huhesabu wa nyumbani kwake, akiwaona wametimia hufunga mlango.

"Nimewaambia madereva wote," Mahmudu alisema jioni moja. "Pipa, kitambaa, skrubu. Wameona chupa kwa macho yao. Sasa kila mtu anachuja."

"Vizuri. Na wakichuja wote, nani atakuwa wa mwisho?"

Mahmudu alifikiri. "Yule mwenye gari bovu kuliko wote."

"Nani?"

"Juma. Lile gari lake ni bati na dua."

"Kwa hiyo sasa tunangoja Juma afe."

"Mama Layla, usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Tumejifunza kutokuwa mkia. Mkia haukuondoka. Tumempa mwenzetu."

 Kisha Zaituni alianza kusema, polepole, jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mumewe.

"Mwaka wa sabini na mbili nilikuwa mdogo. Tulikimbia Muyinga kwa miguu kwenda Tanzania. Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa na mguu mbovu. Wajomba walitaka kukimbia mbele. Baba akamtanguliza bibi. Akasema, 'Hakuna atakayempita mama.' Tukatembea kwa mguu wa bibi. Wajomba walimtukana baba njia nzima, wakisema atatuua. Tulilala njaa. Lakini tulivuka mpaka wote, na bibi mbele."



"Unataka Juma atangulie?"

"Nataka mtembee kwa mguu wa Juma."

Siku ya msafara Mahmudu alisema maneno hayo pakingi. Madereva walicheka.

"Juma mbele? Tutafika Muyinga Ramadhani ijayo!"

"Mimi nina nyanya, bwana, zitakuwa supu!"

Juma mwenyewe aliona haya. "Niacheni nyuma jamani. Nimezoea."

"Hata Chabani alikuwa amezoea," alisema Mahmudu.



Mkubwa wa wasindikizaji alikuja akipiga saa yake kwa kidole. "Mimi sina siku nzima. Pandeni, twende."

Mahmudu alitoa ufunguo, akautia mfukoni, akaketi chini kando ya gurudumu.  Dereva wa nyanya alisonya. Akatazama magari, akamtazama Juma. Kisha naye akaketi. Mmoja mmoja waliketi wote. Mkubwa aligombana, akatisha, akataja majina ya wakubwa zake. Lakini hakuweza kusindikiza magari yasiyokwenda. Mwishowe alitema mate akasema, "Hilo bati lenu litangulie."

Walikubaliana mambo machache, ya mdomo tu. Gari dhaifu lifuate mara moja nyuma ya wasindikizaji, na lisipitwe na yeyote. Kila dereva amwone wa nyuma yake kwenye kioo. Asipomwona, apige honi, na wote wapunguze mwendo. Wenye magari ya nguvu ndio wakae nyuma, kwa kuwa wao wanaweza kukimbia ikibidi.

Walifika Muyinga alasiri, nyanya zikiwa laini. Walifika wote.

Nisikudanganye, wewe unayesoma. Vita havikuisha kwa sababu hiyo. Wasindikizaji hawakukubali kukaa mkiani, si siku ile wala baadaye. Risasi ziliendelea. Siku moja zilipiga katikati ya msafara, zikamvunja dereva mmoja mkono. Magari yote yakasimama kumpakia, kisha yakaondoka pamoja. Hakuna aliyemwadhibu aliyepiga. Hakuna aliyeuliza kwa nini watu wanaokwenda kuuza maharage wafikirie mambo haya. Lakini kutoka siku ile ya kuketi chini, hakuna gari lililoachwa peke yake katika mlima wa Karuzi.

Salama alipotoka eda, watu walidhani atakwenda kwanza makaburini. Alikwenda pakingi. Alipita kando ya magari, moja baada ya jingine, mpaka akafika kwa Juma, pale mbele. Juma alitaka kushuka amsalimie. Salama alimzuia, akashika mlango kwa mikono yote miwili.

"Endesha pole pole, Juma," alisema. "Wakikupigia kelele, endesha pole pole. Nyuma yako kuna watu."