Kivuli Kilipofika Zizini

Kila asubuhi wakati wa mavuno, Yudith alipanda juu ya paa bapa la udongo la tembe lao kule Mkonze kufukuza ndege waliodonoa mtama ulioanikwa. Ulikuwa mwaka ule Wajerumani walipoifikisha reli yao Dodoma. Siku moja uvivu ulimwingia.

"Panda wewe," alimwambia mdogo wake, Dorkasi.

Dorkasi alipanda, akateleza ukingoni, akaanguka kwa kichwa.

Mama yao aliporudi kutoka kisimani alimkuta Dorkasi ameketi, macho yamemlegea. Alimbeba mbio hadi kwa Mzee Seth, aliyejifunza uganga misheni.

"Alizimia muda gani?" mzee aliuliza.

"Aliinuka papo hapo," Yudith alijibu. Aliogopa fimbo.

"Basi apumzike siku mbili tu."

Siku ya tatu Mama alifungua zizi. Dorkasi, aliyewajua mbuzi wote tisa kwa majina, alimkodolea macho mmoja.

"Huyu nani?" Mama alimuuliza.

"Sijui."

"Acha kudeka! Humjui Kipaku, uliyemlea mwenyewe? Haya, wapeleke korongoni."

Korongoni kulikuwa na fisi. Yudith aliona mdogo wake akiyumba, akaikamata fimbo yake ya kuchungia.

"Mama, asiende! Nilidanganya. Alipoanguka, kivuli cha tembe kilikuwa kwenye kinu. Alipofumbua macho, kilikuwa kimefika zizini."

Mama alimweka Dorkasi mgongoni, wakarudi kwa mzee.

"Hiyo ni karibu saa nzima!" Mzee Seth alishtuka. "Kichwa kilichozimia hivyo hakitulii upesi. Atasahau, atakasirika bure. Asichunge. Kila asubuhi muulizeni majina ya mbuzi. Yakiongezeka, anapona. Yakipungua, mleteni mbio."

"Atapona kabisa, babu?" Yudith aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mungu ndiye ajuaye. Tungoje miezi miwili iandame."

Yudith alichunga yeye. Wiki ya kwanza Dorkasi alitaja watatu. Kisha wawili; walimpeleka mbio kwa mzee, na usiku ule Yudith hakulala. Kisha watano. Kisha saba. Mwezi wa pili ulipoandama, mzee alikuja mwenyewe, na Dorkasi akawataja wote tisa.

"Na wa kumi," aliongeza, "yule mvivu, anaitwa Yudith!"

Mama alicheka huku akifuta machozi. Mzee Seth akamgeukia Yudith.

"Mjukuu wangu, mganga ana macho mawili: jicho lake mwenyewe, na la yule aliyekuwepo jambo lilipotokea. Uliponidanganya, ulinifumba jicho moja. Uliposema kweli, ulinifumbua. Usinifumbe tena."