Simu Iliyoitwa Mzee

Shangazi yangu hutengeneza tovuti, na kila likizo mimi hushinda ofisini kwake. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la vitabu: meza mbili, kompyuta mbili, feni inayolalamika, na droo moja ambayo nilikuwa sijawahi kuiona ikifunguliwa. Yeye ndiye aliyenibandika jina la Kiherehere. Sikulikataa, maana hata kitini mimi hukaa nusu.

Likizo hiyo nilikuwa na kazi yangu mwenyewe. Mama ni muuguzi katika zahanati ya mtaani kwetu, na ratiba ya madaktari wageni ilikuwa ikibandikwa mlangoni kwa karatasi. Mvua ikinyesha, karatasi inalowa. Siku ikibadilishwa, watu wa mbali wanafika na kurudi mikono mitupu. Basi mama akamwambia shangazi, "Wifi, tutengenezee ukurasa, watu wasome siku kwenye simu zao."

Shangazi akaninyooshea kidole. "Huyu ana miaka kumi na tatu na likizo ya wiki tatu. Atatengeneza yeye, mimi nitamwangalia."

Aliyeisubiri kazi hiyo kuliko wote ni fundi viatu wa kona ya mtaa wetu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na daktari wa macho huja mara moja tu kwa miezi minne. Mara ya mwisho siku ilibadilishwa, fundi akamkosa. Kila asubuhi nilimsalimia, "Shikamoo, fundi," naye akanijibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Siku imetoka?" Huku analitafuta tundu la sindano kwa kidole, kwa sababu jicho lilikuwa limeshindwa.

Wiki ya kwanza nilifanya vizuri. Niliuandika ukurasa kwa mkono, mistari michache tu: jina la zahanati, jedwali la siku, namba ya simu. Siku ya tatu ulikuwa tayari. Siku ya nne nikaona video ya kijana mmoja akisema kwamba wanaoandika hivyo wamepitwa na wakati. Akaonyesha zana mpya inayofanya picha zielee kwenye kioo. Raha yote ikaniisha. Nikauonea aibu ukurasa wangu, nikaanza upya.

Wiki ya pili nikaona zana nyingine iliyoipita ile. Nikaanza upya tena. Vidole vilikuwa vinaniwasha, na kila nilichokifikisha nusu kilinichosha kabla sijakimaliza. Shangazi alikuwa amebanwa na kazi ya kampuni ya mabasi. Akiniuliza, nilimwonyesha picha zinazoelea, naye akasema tu, "Nzuri. Jedwali liko wapi?" Nikamjibu kwamba linakuja.

Ijumaa tukiwa mezani mama akauliza, "Ule ukurasa umefika wapi?"

"Umekwisha, mama. Nimebakiza kupiga msasa tu."

Ulikuwa uongo mtupu. Nilidhani nitakimbia na kuugeuza kuwa kweli kabla hajagundua. Jumamosi na Jumapili sikutulia hata kidogo. Nililisukumiza jedwali chini ya picha zangu, nikauweka ukurasa mtandaoni. Kwenye kompyuta ya shangazi ulipendeza mno. Na mama, kwa kuwa aliniamini, Jumatatu asubuhi aliibandua karatasi mlangoni na kuwaambia watu waangalie kwenye simu.

Saa sita mchana simu ya ofisini ikalia. Alikuwa mama. "Daktari wa macho haji tena Ijumaa. Anakuja keshokutwa, Jumatano. Badilisha sasa hivi."

Kubadilisha neno moja kulinichukua saa nzima. Ile zana nilikuwa naijua kwa siku tano tu; nikigusa hapa, inaharibika kule. Hatimaye ikakubali, nikakimbia hadi kwa fundi kumpa habari. Nikamkuta na binti yake, dada mtu mzima, ameshika simu.

"Mjukuu wangu," fundi akasema, "mwanangu ameliangalia hilo duara lako tangu asubuhi. Sasa naona tutakwenda wawili kwa daktari wa macho."

Binti yake hakucheka. Akanionyesha simu: kioo cheupe, na katikati duara dogo linazunguka, linazunguka, halifiki popote. "Inamaliza salio langu, mdogo wangu, na haionyeshi kitu."

Fundi nilimwambia siku kwa mdomo. Lakini ni wangapi wengine walikuwa wanaliangalia duara lile, na karatasi haipo mlangoni? Nilirudi ofisini mbio, nikamweleza shangazi yote, pamoja na uongo wa Ijumaa. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto.

Hakunifokea. Alifungua ile droo na kutoa simu kuukuu, kioo kimepasuka, mgongo umefungwa kwa raba. "Huyu anaitwa Mzee," akasema. "Simkabidhi mteja kazi ambayo Mzee hajaifungua." Akajaribu kuufungua ukurasa wangu humo. Duara likaanza kuzunguka; picha zangu zilikuwa nzito mno kwake.

"Kwa hiyo zana mpya ni mbaya?" nikauliza.

"Nani kasema? Kazi ya mabasi naifanya kwa zana kubwa kuliko hiyo yako, kwa sababu abiria anachagua kiti, na viti vinabadilika kila dakika. Zahanati inataka nini?"

"Siku."

"Nani anaisoma?"

"Mtu kama binti wa fundi."

"Na mimi na wewe tusipokuwepo, nani ataibadilisha?"

Mama angebadilishaje kitu kilichonitoa jasho mimi?

Ukurasa wa wiki ya kwanza nilikuwa sijaufuta. Niliutoa mafichoni, nikaandika Jumatano, nikauweka mtandaoni. Haikufika nusu saa. Shangazi akaubonyeza kwenye Mzee, na jedwali likatokea kabla hajautoa mkono. Ule ukurasa niliouonea aibu ndio uliofunguka.

Kisha nikaenda zahanati. Nilimwambia mama ukweli mbele ya wagonjwa wawili, nikaibandika karatasi tena mlangoni ikiwa na siku mpya, na jioni nikamfundisha kubadilisha tarehe mwenyewe.

"Ukurasa kuchelewa ningevumilia," mama akasema. "Ungeniambia Ijumaa kwamba bado, karatasi ingebaki mlangoni. Kazi isiyokwisha inasubiriwa, Kiherehere. Uongo wako ndio uliowaacha watu gizani."

Jumatano fundi alikuwa wa nne kwenye foleni. Alitibiwa jicho la kwanza, na wiki mbili baadaye nilipita kwake nikiwa na sare ya shule. Aliingiza uzi kwenye sindano mara moja, kisha akayashusha macho miguuni kwangu.

"Kumbe siku zote hizi hupigi viatu kiwi," akasema.

Nilimsimulia shangazi, akacheka. Halafu akamtoa Mzee kwenye droo na kuniwekea kiganjani. "Kaa naye. Zana mpya zitakuja kila mwaka, zijaribu zote ukipenda. Lakini fikiria kwanza mtu atakayefungua kazi yako. Na Mzee akikataa, usibishane naye."